Kumfundisha mtoto angahewa: anzia kwenye glasi tupu

Watoto wengi hukutana na angahewa kwa mara ya kwanza ikiwa mchoro wa rangi tano kitabuni: troposfia chini, eksosfia juu, na majina mengine matatu katikati. Huyakariri, hupata alama zao, na ukiwauliza kesho yake glasi tupu ina nini ndani watakujibu bila kusita: "Haina kitu." Mtoto anayeamini hivyo hawezi kuelewa matabaka ya kitu ambacho kwake hakipo.

Ndiyo maana mwongozo huu unageuza mpangilio wa kitabu. Kwanza mtoto aone kwamba hewa inashika nafasi, ina uzito na inasukuma. Halafu ajue imeundwa na nini. Majina ya matabaka yaje mwishoni, yakikuta tayari kuna kitu cha kukipa jina. Umewalenga watoto wa miaka 6 hadi 11 hivi. Walio wadogo zaidi waishie hatua ya 3 na hawatakuwa wamepungukiwa.

Utahitaji glasi mbili za kuonyesha ndani, beseni la maji, mpira wa miguu na pampu yake, mizani ya kielektroniki ya jikoni, chupa laini ya plastiki yenye kifuniko, kadi ngumu, karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita, kamba ya mita 4, tochi yenye mwanga mweupe, mishumaa michache na matone ya maziwa. Maji ya moto na kiberiti vishikwe na mtu mzima. Usifanye hatua zote siku moja. Achia pale mtoto anapokuwa bado anataka kuendelea.

Kuna kanuni moja inayotawala majaribio yote: mtoto abashiri kwanza. Kabla hujagusa chochote, muulize kitatokea nini na kwa nini anadhani hivyo. Jaribio lisilobashiriwa hugeuka kiinimacho, na kiinimacho hakifundishi.

Hatua ya 1: Glasi tupu si tupu

Kunja karatasi kavu, isokomeze ndani ya glasi hadi chini kabisa mpaka ishike, kisha pindua glasi. Uliza: "Nikiizamisha hivi kwenye beseni, karatasi italowa?" Zamisha glasi ikiwa wima, mdomo chini, mpaka iingie yote majini, kisha itoe ikiwa wima vilevile. Mwache mtoto achomoe karatasi mwenyewe na kuipapasa. Ni kavu.

Rudia, safari hii ukiinamisha glasi taratibu ukiwa chini ya maji. Viputo vitapanda na maji yataingia. Muulize ni nini kilichotoka, kisha nyamaza. Inavuta sana kumjibu, lakini jibu atakalolitafuta mwenyewe ndilo atakalobaki nalo.

Mchezo unaofuata watoto huupenda kuliko wote. Jaza glasi ya pili maji ndani ya beseni, uipindue bila kuitoa. Chukua glasi yenye hewa, ipeleke chini ya ile ya maji na uiinamishe. Viputo vitahama kutoka glasi moja kwenda nyingine, maji yakishuka kuipisha hewa. Mtoto anamimina hewa, na anaimimina kwenda juu. Akitaka kuirudia mara kumi, mwache.

Hatua ya 2: Ipime kwenye mizani

Jaribio linalopendekezwa mara nyingi ni la maputo mawili yaliyofungwa kwenye ncha za kijiti, kisha moja linapasuliwa. Mimi silipendekezi. Tofauti ya uzito ni ndogo mno, kijiti kinayumba kwa sababu nyingine kibao, na mwishowe mtoto anaona kile alichoambiwa ataona. Isitoshe, vipande vya mpira wa puto ni hatari kwa watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.

Mpira wa miguu ni shahidi mwaminifu zaidi. Weka bakuli juu ya mizani ili mpira usibingirike, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha pima mpira ukiwa na umbo la duara lakini laini, unaobonyea kwa kidole. Andika gramu zake. Ujaze kwa pampu mpaka uwe mgumu, upime tena. Utaongezeka gramu 4 hadi 6 hivi. Pampu haikutia kitu kingine chochote humo isipokuwa hewa.

Usianze na mpira uliobonyea kabisa. Hewa iliyotuzunguka huviinua kidogo vitu vilivyomo ndani yake kama maji yanavyofanya, na mpira unaotoka kuwa bapa hadi duara hubadilisha nafasi unayoshika, kwa hiyo hesabu yako itavurugika.

Sasa nenda kwenye chumba. Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Mpe mtoto futi ya kupimia, azidishe urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha jibu alizidishe kwa 1.2. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina hewa ya kilo 36, na huenda huo ni uzito mkubwa kuliko wa mtoto anayepiga hesabu.

Hatua ya 3: Hewa inasukuma kila upande

Jaza glasi maji mpaka pomoni, funika kwa kadi ngumu, shika kadi, pindua glasi juu ya beseni, kisha achia kadi. Itabaki imeganda, na maji hayatamwagika. Kinachoizuia ni hewa inayoisukuma kutoka chini. Geuza glasi ubavu kidogo: kadi bado inashika, kwa sababu msukumo wa hewa hauchagui upande.

Kisha chukua chupa laini ya plastiki. Mimina maji ya moto kidogo (yasiwe yanachemka), tikisa, yamwage, funga kifuniko haraka, na uimwagie chupa maji baridi. Itabonyea na kujikunja mbele ya macho yenu. Mtoto karibu lazima aseme "imejifyonza". Hapo pumzika, maana hili ndilo kosa lililo kongwe kuliko yote katika somo hili. Ndani ya chupa hakuna kinachovuta. Mvuke umegeuka maji na hewa iliyobaki imepoa, msukumo wa ndani umepungua, na hewa ya nje ikashinda. Mrija wa kunywea hufanya kazi vivyo hivyo: ukivuta hewa iliyomo ndani, hewa inayokandamiza kinywaji kwenye glasi ndiyo inayokipandisha.

Msukumo huo, ambao vitabu vya shule huuita kanieneo, ni kama kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba katika usawa wa bahari. Kiganja chenye sentimita 60 za mraba kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 60. Mtoto atauliza mbona hakibonyei. Kwa sababu upande wa pili wa kiganja unasukumwa kwa nguvu ileile, na mwili wenyewe ndani unasukuma kuelekea nje. Chupa ilibonyea pale tu pande mbili zilipokosa usawa.

Evangelista Torricelli, Mwitaliano aliyebuni baromita ya zebaki (chombo cha kupimia kanieneo) mwaka 1643, aliandika kwenye barua mwaka uliofuata kwamba tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Kama ni bahari, basi anayepanda juu anapaswa kubeba hewa kidogo kuliko aliye chini. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alitaka kulihakikisha hilo, na mwaka 1648 shemeji yake, Florin Périer, akapanda na baromita mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8.

Nanyi mnaweza kulirudia bila mlima. Simu kadhaa za kisasa zina kipima kanieneo ndani yake, na programu za bure za kukisoma zipo. Simameni chini ya jengo la ghorofa, andikeni namba, pandeni ngazi, andikeni tena. Karibu na usawa wa bahari kanieneo hupungua kwa hektopaskali 1 (hPa, kizio cha kanieneo) kila mnapopanda mita 8 hivi. Ghorofa 5 zinatosha mtoto kuona kwamba amepunguza hewa iliyokuwa juu ya kichwa chake.

Hatua ya 4: Miraba elfu kumi

Watoto wengi wanaamini hewa na oksijeni ni kitu kimoja. Kuwaambia "asilimia 78 ni nitrojeni" hakubadilishi mengi, kwa hiyo wape karatasi ya grafu. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10. Ndani yake mna miraba 100 ya sentimita, na miraba 10,000 ya milimita. Hiyo ndiyo hewa kavu.

Wapake miraba mikubwa 78 rangi ya nitrojeni na 21 rangi ya oksijeni. Unabaki mraba mmoja tu wa sentimita, wenye vijiraba 100. Karibu vyote ni argoni, gesi tulivu isiyoungana na chochote. Vinne kati yake vipake rangi nyekundu: hiyo ni kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa. Vinne kati ya elfu kumi.

Kisha mwambie mtoto kwamba kabla ya zama za viwanda, rangi nyekundu ingekuwa kwenye vijiraba visivyofika vitatu. Leo vimepita vinne. Mkubwa kidogo atauliza kijiraba kimoja kinaweza kuleta madhara gani. Jibu ni kwamba nitrojeni na oksijeni huliachia joto la dunia litoroke angani, ilhali hewa ukaa, mvuke wa maji na gesi nyingine chache hulizuia sehemu yake. Kusingekuwa na gesi hizo kabisa, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Kitu kidogo chenye kazi kubwa kikiongezeka, hata kidogo, matokeo huonekana.

Mvuke wa maji haumo kwenye karatasi hiyo, kwa kuwa haukai kiwango kimoja: pengine haupo kabisa, pengine hufika asilimia 4. Na pumzi tunayoitoa? Bado ina oksijeni karibu asilimia 16, ndiyo maana mtu anaweza kumpulizia pumzi aliyezimia na kumwokoa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu jaribio la mshumaa, maana limeenea kila mahali na maelezo yake ya kawaida si sahihi. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Moto unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Kisha mtoto anaambiwa: oksijeni imekwisha, maji yamechukua nafasi yake, na ndiyo sababu yamepanda sehemu moja kwa tano.

Tazameni kwa makini. Maji hupanda zaidi baada ya moto kuzimika, na kwa ghafla. Kama kweli oksijeni ingekuwa inaisha na kuacha nafasi, yangepanda polepole wakati mshumaa ukiwaka. Tena moto huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imo, na ile iliyotumika haikupotea; imegeuka hewa ukaa na mvuke. Kinachotokea ni kwamba moto hupasha hewa, hewa hutanuka na nyingine hutoka chini ya ukingo wa glasi (wenye macho makali wataona viputo). Moto ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, mvuke hugeuka maji, na hewa ya nje husukuma maji ya sahani kuingia. Ni ile chupa iliyobonyea, kwa sura nyingine.

Mnaweza kulithibitisha. Rudieni kwa glasi ileile lakini kwa mishumaa mitatu. Oksijeni ndani ya glasi ni ileile, ila maji yatapanda juu zaidi, kwa sababu joto lilikuwa kubwa zaidi. Mtoto aliyeona hivyo amejifunza pia kwamba maelezo yaliyoandikwa yanaweza kupimwa.

Hatua ya 5: Kamba ya mita 4

Sasa ndiyo zamu ya matabaka. Tandaza kamba sakafuni, na kila sentimita iwe kilomita moja. Ncha moja ni usawa wa bahari. Andika vikaratasi na umwache mtoto avipange kwa kubahatisha kabla ya kupima: kilele cha Everest, ndege ya abiria, gesi ya ozoni, vimondo vinavyoungua, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mwanzo wa anga za nje.

Kwa kawaida Everest huwekwa mbali mno. Mahali pake ni sentimita 8.8. Ndege za abiria huruka kati ya 10 na 12. Ozoni nyingi iko kati ya 15 na 35. Felix Baumgartner, aliyejirusha kutoka kwenye puto mwaka 2012, alianzia 39. Vimondo vingi huwaka na kuisha kati ya 75 na 100. Sentimita 100 ndipo wengi walipokubaliana kuanza kuhesabu anga za nje. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko kwenye ncha ya pili ya kamba, 400.

Baada ya hapo majina yana pa kukaa. Troposfia inaanzia chini na kuishia 8 kwenye ncha za dunia, au 17 hivi karibu na ikweta. Mawingu na mvua karibu vyote vimo humo. Stratosfia hufika 50, mesosfia 85, themosfia mamia kadhaa, na eksosfia hufifia polepole bila ukingo wowote wa kuuonyesha kwa kidole.

Ukifunga nyuzi nyekundu na buluu kwenye kamba, utaonyesha kinachoyatenga matabaka hayo, yaani mwenendo wa joto. Katika troposfia joto hushuka kila unapopanda, kama nyuzi 6.5 kwa kilomita. Kwenye stratosfia linageuka na kupanda, kwa sababu ozoni inanasa mionzi ya jua inayounguza ngozi. Mesosfia linashuka tena, mpaka nyuzi 90 hivi chini ya sifuri. Mgeuko wa kwanza ulitangazwa mwaka 1902 na Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, baada ya kurusha maputo mengi yenye vipimo na yasiyo na mtu. Themosfia husemwa kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000, nalo ni kweli kwa kila chembe, ila chembe zenyewe ni chache mno hata ngozi isingehisi joto hilo.

Mwisho paka rangi nzito kwenye sentimita tano na nusu za kwanza za kamba. Humo mna nusu ya hewa yote ya dunia. Watoto huinama kuutazama urefu huo, kisha hugeuka kuitazama ncha ya mita 4. Na bado huko mwisho hewa haijaisha kabisa: kituo kile hukwaruzwa na chembe chache zilizopo, kikashuka, na inabidi kiinuliwe tena kila baada ya muda.

Uchukue pia ule mpira wa miguu. Kama dunia ingekuwa na ukubwa wake, kilomita 100 zote zisingefika milimita 2, na troposfia ingekuwa unene wa karatasi mbili zilizobandikwa juu ya mpira. Michoro ya vitabu haina namna ila kuyanenepesha matabaka ili majina yaenee. Mtoto aambiwe hivyo.

Hatua ya 6: Rangi ya anga

Hii ni fupi. Zima taa, jaza glasi ndefu maji, tia matone mawili matatu ya maziwa, umulike ubavuni kwa tochi nyeupe. Ukitazama kutoka pembeni maji yana ubuluu hafifu. Ukitazama tochi yenyewe kupitia maji, mwanga una rangi ya chungwa. Chembe za maziwa hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, na molekuli za hewa huutawanya mwanga wa jua kwa mwelekeo huohuo. Jua likitua, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, buluu ikitawanyika njiani. Kumbusha kila mara kwamba jua lenyewe halitazamwi.

Maswali yatakayokuja

"Mbona hewa haitoroki?" Dunia inaivuta kama inavyouvuta mpira uliorushwa juu. Gesi nyepesi mno, haidrojeni na heliamu, hutoroka kidogokidogo kweli. Mwezi una mvuto mdogo na karibu hauna hewa. Ndiyo maana anga yake ni nyeusi hata mchana na hakuna upepo wa kufuta nyayo.

"Nikipanda ndege natoka nje ya angahewa?" Mpeleke kwenye kamba, aoneshe mwenyewe.

"Hewa inaishia wapi?" Haina mahali inapokatika, inapungua tu. Watoto huridhika na jibu hili haraka kuliko watu wazima.

Kupima kama ameelewa, usimuulize majina ya matabaka. Mpe mrija uliotobolewa tundu katikati, umwambie anywe, kisha aeleze kwa nini kinywaji hakipandi. Akisema hewa inaingia kwenye tundu, kwa hiyo msukumo wa ndani haupungui, muulize swali moja zaidi: mtu akiwa nje Mwezini, mrija mzima usio na tundu ungemsaidia kunywa? Anayejibu kwamba usingefaa, kwa kuwa hakuna hewa ya kukisukuma kinywaji kutoka juu, yuko tayari kwa kitabu chenye mchoro wa rangi tano.